Tulivyotembea polepole kutoka mikoko ya Tudor hadi Mama Ngina

Mara ya kwanza nilipowaongoza jirani zangu kutembea kwa miguu kando ya hori la Tudor, yaani mkono wa bahari ulioingia bara hapa Mombasa, hadi ufuo wa Mama Ngina baharini, tuliondoka watu kumi na wanne na tukafika watano. Tulianza saa tatu na nusu, wakati maji yalikuwa yamekwisha kufunika matope ya mikoko na hapakuwa na pa kukanyaga; vijana wakatangulia, wazee wakabaki nyuma, na kufikia saa sita jua lilikuwa limewashinda wengi, kila mmoja akajitafutia tuktuk yake. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa siku ile niliichagua mimi, tena kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi.

Aliyenirekebisha ni mzee wa mtaani kwetu aliyeishi kwa uvuvi. "Mwanangu," aliniambia, "ukitaka kutembea ufuoni, uhesabu mwezi kwanza." Alinieleza kwamba katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, huku tofauti baina ya kujaa na kupwa ikiweza kukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya juma moja, yakifika maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, asubuhi ile iliyokuwa kavu huwa ni ya maji kujaa. Nilikuwa nimewapeleka watu katika juma lisilofaa. Safari ya pili tuliiweka mwezi wa nane, siku moja baada ya mwezi mpevu, upepo wa kusi ukiwa bado unapunguza joto.

Jambo la pili nililobadilisha ni mpangilio wa watu. Mama yangu ana magoti yanayomsumbua, na safari ya kwanza alikuwa mkiani. Safari hii nilimweka mbele kabisa, na sharti likawa moja tu, kwamba mtu yeyote asimtangulie. Vijana walinung'unika kwa muda, kisha wakagundua kwamba mwendo wa mama unawapa nafasi ya kuwatazama kaa, na manung'uniko yakaisha yenyewe.

Tulianza saa moja na nusu, maji yakiendelea kutoka. Kipande cha mikoko, ambacho kijana angekipita kwa dakika kumi, sisi kilituchukua karibu saa nzima, na siijutii. Mzee alituonyesha mlilana, ambao husimama karibu zaidi na maji na kuchomoza mizizi yake wima matopeni kama vigingi. Akatuonyesha mkoko wenyewe, unaojishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Na mkandaa, ambao magome yake yalitumika kutengeneza ngozi. Alisisitiza kuwa hori hili si bahari tupu, kwa kuwa mito ya Kombeni na Tsalu huleta maji matamu kutoka bara, na mvua za masika zikikolea maji hubadilika rangi. Waliovaa kubazi walipata taabu, maana tope lilizivuta miguuni. Viatu vya kufunga kamba ndivyo vilivyofaa.

Kuhusu barabara iliyofuata, hadi tulipolipita daraja la Nyali, sina mengi ya kusema isipokuwa moshi na honi za matatu.

Mji wa Kale tulipumzika nyumbani kwa shangazi yangu, na hapa niseme wazi jambo ambalo wapangaji wa matembezi hulisahau: kundi lenye wazee na watoto linahitaji choo cha uhakika katikati ya njia, na kama hakipo, msitoke. Shangazi alituandalia mahamri na mbaazi. Tulipokuwa tukila, mzee alinyoosha kidole juu akatuuliza ile dari imeshikwa na nini. Ilikuwa ni boriti, miti ile ile ya mikoko tuliyoiacha Tudor, na urefu wake ndio unaoeleza kwa nini vyumba vya nyumba hizi za kale ni vyembamba.

Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ili kuulinda mlango wa hori hili, tuliitazama kwa nje tu. Baadhi yetu walitaka kuingia, lakini mama alisema, "Tukiingia humo, bahari tutaiona kesho."

Tulifika Mama Ngina yapata saa tano kasorobo, sote kumi na wanne. Mwamba ulikuwa wazi chini yetu na mawimbi yalipasukia mbali. Tuliketi chini ya mbuyu, tukanywa madafu na kula mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, tena bila haraka, hadi ilipokaribia saa saba na mwamba ulipoanza kufunikwa tena. Mama ndiye aliyesimama kwanza. Tuligawana tuktuk tano kurudi Tudor, naye akaniuliza njiani mwezi mpevu mwingine unaangukia lini.