Kipete cha milimita 6.5: bagi yangu ya nitro, wiki ya tatu

Haya, wiki ya tatu hii tangu tuanze kubana injini za vigari vyetu vya rimoti ili tulingane nguvu, na leo nimemaliza mbio wa tatu lakini nimerudi nyumbani na furaha kushinda zile siku nilikuwa nabeba namba moja.

Kwa ambao hawakufuata tangu mwanzo, tuko watu watano, kila Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali twakutana kwenye kiwanja cha vumbi huku Mtopanga, Mombasa, na bagi zetu za 1/8, yaani vigari vya rimoti vya kukimbia vumbini, saizi ya moja kwa nane ya gari halisi, vinavyotumia mafuta ya nitro. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja akaja na gari likitoka kwenye kona limeshatuacha mita nzima, sote tukadhani amezipata vizuri sindano za kabureta, zile skrubu za kupima mafuta yanayoingia, ama mafuta yake ni makali. Kumbe injini yake ni .28 (ujazo kwa inchi za ujazo), yaani kama 4.6 cc, na sisi wote tuna .21 ambayo ni 3.5 cc, na kwa nje zafanana mno usipozijua. Mwenyewe hakuwa na nia mbaya, gari lote alilinunua mtumba na hakuwahi kulifungua.

Hapo ndo tukakubaliana tufuate sheria za IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za vigari vya rimoti, kwa daraja letu, injini mwisho 3.5 cc na tangi mwisho 125 cc, halafu kila mtu apimwe. Tukafungua vichwa vya injini, tukaweka vanya (kile kipimo cha taya cha sehemu ndogo za milimita) kwenye silinda kupima upana wake, kisha unazungusha flaiwili polepole upime pistoni imeshuka kiasi gani kutoka juu mpaka chini. Yangu vanya ya kwanza ikasoma upana milimita 16.3 na pistoni kushuka 16.8, piga hesabu unapata 3.506 cc, nikaambiwa nimepita! Moyo ulienda mbio wallahi. Tukatafuta vanya ya dijitali, upana ukasoma 16.27, hesabu ikarudi 3.49. Yaani sehemu tatu za mia ya milimita ndo zingenitoa nje, kwa hivyo jamani msipime injini ya mtu kwa vanya iliyochakaa.

Lakini hata .21 zenyewe si sawa, kuna ya matundu matatu ya kupitisha hewa na mafuta kwenye silinda na kuna ya matundu saba, na mwenye pesa atakushinda tu. Ndo nikaleta wazo la kipete cha kabureta, ile pete inayokaa kwenye koo la kabureta kupunguza hewa. Koo langu lilikuwa na kipete cha 9, tukachagua 6.5 kwa wote. Ukitazama haraka waona ni tofauti ndogo, ila eneo la tundu linabaki karibu nusu tu, asilimia 52.

Vipete vya dukani vya saizi moja kwa watu watano hatukupata, nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa kukereza pale Mwembe Tayari. Akakiangalia kile cha zamani akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni cha saa?" Nikamweleza, akakereza vitano vya alumini, kila kimoja na mfereji wa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, manake alisema bila hiyo hewa itapita pembeni na kipete kitakuwa pambo. Mzee kaona mbali, lile mimi sikulifikiria kabisa.

Jumapili iliyopita nikakivaa na gari likakataa kabisa, moshi mzito, linakohoa kila nikifungua throto. Sababu ni kuwa koo likiwa dogo hewa inapita kwa kasi zaidi na inavuta mafuta mengi kuliko hewa yenyewe iliyoingia, na hapa kwetu Mombasa joto na unyevu ushapunguza oksijeni tayari. Nikaifunga sindano kuu nusu ya robo ya mzunguko, nikapiga mizunguko miwili ya kiwanja, nikaifunga kidogo tena, huku natazama joto la kichwa. Lilianza digrii 85 nikalifikisha 105 nikaacha hapo, moshi mwembamba bado unaonekana na hivyo ndivyo nataka, manake mafuta ya kulainisha yako ndani ya mafuta ya nitro yenyewe na ukiifunga sindano sana unaiua pistoni. Ile sindano ya chini, ya mwendo mdogo, sikuigusa mpaka leo.

Na leo sasa! Tangi moja lilikuwa laniishia dakika ya saba, leo limefika ya tisa. Gari halirushi mchanga tena kwenye kona, latoka taratibu na tairi zashika, na magari manne yalikuwa yamefuatana mpaka mzunguko wa mwisho, mimi nilipitwa kwa sababu nilikosea ile kona ya mnazi. Kukagua nako ni rahisi, unachukua biti ya drili ya 6.6, mkia wake ukiingia kwenye kipete umetolewa.

Limebaki la mwenzetu wa .28. Tumemvika 6.5 kama sisi, kwenye mstari mrefu yeye hatupiti sisi, lakini akitoka kwenye kona bado ana nguvu zaidi, ujazo ni ujazo. Hatutaki akae nje miezi akitafuta injini nyingine, kwa hivyo kesho narudi kwa mzee anikerezee kimoja cha 5.5, Jumapili tumjaribu nacho, na wenye .21 tutaendelea na 6.5. Vichwa vyote vya injini tayari nimeweka tone la rangi nyekundu kwenye skrubu, ikivunjika twajua imefunguliwa.