Kadi 63 na sapu moja: nilivyolimudu somo la uchumi

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo: maikro (uchumi wa mnunuzi, kampuni na soko moja moja) ya mwaka wa kwanza nilipata sapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Sikuwa mgonjwa wala sikukosa vipindi. Nilisoma kuliko karibu kila mtu niliyemjua darasani, ila nilisoma vibaya, tena kwa ushauri wa mtu aliyewahi kupata A katika somo hilohilo.

Kaka huyo alikuwa mwaka wa tatu. Nilimfuata nikamwambia mistari ya mahitaji na ugavi inanichanganya. Akacheka. "Dogo, uchumi ni michoro. Kariri michoro yote, kazi imekwisha."

"Sawa kaka," nikasema, nikaenda kukata karatasi ngumu.

Upande mmoja wa kadi niliandika tukio, upande wa pili mchoro wake. Zilifika 63. Nilizipaka rangi: kijani mahitaji, bluu ugavi, nyekundu gharama za kampuni, njano ukiritimba. Nilitembea nazo mfukoni, na kila niliposimama mahali kwa dakika mbili nilichomoa moja. Ungeniamsha usiku wa manane ukanitajia ruzuku, ningekuchorea gizani.

Mtihani ukaja. Swali la kwanza lilisema ukame umeharibu zao la kahawa na bei ya kahawa imepanda. Eleza kinachotokea katika soko la kahawa na katika soko la chai. Nikaanza kupekua kadi kichwani. Kadi ya "bei imepanda" ilikuwepo. Ya "ugavi umepungua" ilikuwepo. Ya "bidhaa mbadala" nayo ilikuwepo, tena nzuri, yenye kivuli cha penseli. Kadi yenye yote matatu kwa pamoja haikuwepo. Basi nikayachora yote juu ya mihimili ileile. Nilihamisha mstari wa ugavi kushoto. Kisha, kwa kuwa bei imepanda na watu watanunua kidogo, nikahamisha na wa mahitaji kushoto. Bei ikarudi palepale ilipoanzia! Yaani nimeleta ukame, nimeangamiza mashamba, na bei haijasogea hata nukta. Chini yake nikaandika kwa kujiamini kabisa: "Soko limejirekebisha." Msahihishaji alinijibu kwa alama ya kuuliza kubwa kuliko mchoro wenyewe. Soko la chai sikuligusa, muda ulikuwa umekwisha.

Kujiandaa na sapu kulinichukua wiki tatu, labda nne. Ujanja ulioniokoa niliugundua kwa uchovu tu. Nilikuwa nimelaza rula juu ya mstari wa mahitaji, kidole kimeegemea pale mistari inapokutana, nikawa nakitelezesha kidole juu na chini bila kuwaza lolote. Ghafla nikaona kwamba kidole kinatembea lakini rula haijasogea. Nikajiuliza, ni lini hasa rula inapaswa kusogea?

Jibu liko kwenye mihimili. Wa wima una bei, wa ulalo una kiasi. Kitu kilichobadilika kikiwa kimeandikwa tayari kwenye mhimili, kidole ndicho kinachotembea juu ya mstari. Kikiwa hakimo (kipato, bei ya bidhaa nyingine, hali ya hewa, gharama za malighafi, hofu ya watu kuhusu kesho), rula ndiyo inayohama. Nikaurudia ukame wangu. Hali ya hewa haimo kwenye mihimili, na inawagusa wazalishaji, kwa hiyo rula ya ugavi inakwenda kushoto. Bei inapanda. Bei imo kwenye mhimili, kwa hiyo wanunuzi wanapanda kwa kidole juu ya mstari wao uleule. Rula ya mahitaji haiguswi. Nikavuka kwenye chai: bei ya kahawa haimo kwenye mchoro wa chai, basi hapo rula ya mahitaji inahama kulia, na chai nayo inapanda bei. Swali lililonimaliza miezi michache nyuma lilikwisha kwa dakika nne. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Na hili nawalaumu wahadhiri wote kwa pamoja: kwa nini hakuna anayetwambia kwamba mchoro umegeuzwa? Hisabati ilinifundisha kwamba kinachosababisha hukaa kwenye mhimili wa ulalo. Uchumi unasema kiasi kinategemea bei, halafu unaiweka bei wima. Desturi hiyo aliieneza Alfred Marshall katika kitabu chake cha 1890, na imebaki. Wewe uliyetoka kwenye hisabati, akili yako haina hitilafu. Zoea tu.

Unyumbufu, yaani kipimo cha jinsi wanunuzi wanavyoitikia bei inapobadilika, haukunisumbua sana isipokuwa pale bei ilipopanda kutoka 10 hadi 12, yaani asilimia 20, kisha ikashuka kutoka 12 hadi 10, na kikokotoo kikasema 16.7. Nilikibadilisha kikokotoo. Kumbe ndiyo sababu hasa badiliko la bei hugawanywa kwa wastani wa bei mbili, hapa 11, ili jibu liwe takriban 18.2 utokee juu au chini.

Kilichonifanya nilipende somo ni David Ricardo na mfano wake wa 1817. Ureno inahitaji kazi ya watu 90 kwa mwaka kutengeneza kitambaa na 80 kutengeneza divai. Uingereza inahitaji 100 na 120. Ureno ni hodari zaidi katika vyote viwili. Nilisoma mara tano nikisema basi Ureno itengeneze vyote, Uingereza ikalale. Halafu nikafanya hesabu. Kila nchi ikijitengenezea chake, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno 170. Uingereza ikitengeneza kitambaa mara mbili inatumia 200, Ureno ikitengeneza divai mara mbili inatumia 160, kisha wanabadilishana. Bidhaa ni zilezile na watu 30 wamebaki bila kuguswa. Hapo gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ili upate kingine, iliacha kuwa fasili ya kwenye madesa. Swali ni nani anaacha kidogo zaidi ili atengeneze kitambaa. Uhodari ni habari nyingine.

Sapu nilifaulu. Makro, yaani uchumi wa nchi nzima, ikafuata, na yule kaka, ambaye sijui kwa nini niliendelea kumsikiliza, akaniambia makro ni maikro iliyokuzwa. Si kweli, na imani hiyo ilinigharimu jaribio zima. Mtu mmoja akibana matumizi, akiba yake inaongezeka. Wote wakibana kwa wakati mmoja, matumizi yangu yaliyokatwa ni kipato chako kilichokatika, na jumla ya akiba inaweza isiongezeke kabisa.

Hapo aliyenisaidia ni Bill Phillips, mtu wa New Zealand ambaye mwaka 1949, akiwa London, aliunda mashine ya maji inayoonyesha uchumi wa nchi nzima. Mapato yanatiririka kwenye mabomba, kodi na akiba na bidhaa za kutoka nje zinachepusha maji, uwekezaji na matumizi ya serikali na mauzo ya nje yanayarudisha. Sikuwa na mashine, nikachora matangi ukutani. Tangu siku hiyo kila swali la makro niliuliza kwanza: maji yanavujia wapi, na nani anamimina? Hata kizidishi, yaani mara ngapi pesa iliyomiminwa inaongeza mapato ya nchi, kikawa rahisi. Serikali inamimina 100, mpokeaji anatumia 80, anayefuata 64, kisha 51.2, na ukijumlisha hadi maji yakauke unapata 500. Kanuni ya kugawa 1 kwa 0.2, ile sehemu ambayo kila mpokeaji haitumii, niliielewa baada ya jibu kulijua. Na bidhaa za kutoka nje hutolewa katika hesabu ya pato la taifa kwa sababu zimeshahesabiwa ndani ya matumizi. Kutoa huko hakupunguzi pato lenyewe, ingawa nusu ya darasa wataapa kinyume.

Nilibishana pia na rafiki yangu jioni nzima nikishikilia kwamba mfumuko wa bei ukishuka, bei zimeshuka. Marekani mfumuko ulikuwa asilimia 13.5 mwaka 1980 na 3.2 mwaka 1983, akaniuliza bei za 1983 zilikuwa chini ya za 1980? Nikanyamaza. Zilikuwa juu. Gari lilikuwa limepunguza mwendo, halijarudi nyuma.

Kwenye mtihani wa mwisho likaja swali la mafuta ya 1973, bei ilipokaribia kuongezeka mara nne kwa miezi michache. Rula na kidole vikafanya kazi hata kwenye mchoro wa nchi nzima: gharama za uzalishaji hazimo kwenye mihimili, ugavi wa jumla unahama kushoto, bei zinapanda na uzalishaji unashuka pamoja. Nikaongeza kwamba Phillips huyohuyo wa maji ndiye aliyechapisha mwaka 1958 mstari unaoonyesha mishahara ikipanda polepole pale ukosefu wa ajira unapokuwa mkubwa, na kwamba miaka ya 1970 ilionyesha mfumuko na ukosefu wa ajira vikipanda kwa pamoja. Alama zote nilipewa. Nimeitunza karatasi hiyo.

A sikupata lakini. Nilipata B+, kwa sababu ukosefu wa ajira ulipotoka asilimia 4 hadi 6 niliandika umepanda kwa asilimia 2. Umepanda kwa pointi 2 za asilimia. Kwa asilimia ni 50. Nilikata rufaa nikisema tofauti hiyo ni ya maneno tu. Mhadhiri aliniuliza kama ningesema hivyo iwapo ni mshahara wangu ulioongezwa.