Kutoka Kakao ya Ibadan hadi Gunia la Viazi

Kila ninaposikia mvutano kuhusu mgao wa kaunti zetu hapa Kenya, huikumbuka Nigeria, nchi ya shirikisho iliyojaribu ugatuzi wa fedha kwa njia mbili tofauti kabisa.

Katika miaka ya 1950 mikoa yake mitatu iliishi kwa jasho la watu wake: Magharibi kwa kakao, Kaskazini kwa karanga na pamba, Mashariki kwa mawese. Serikali ya Magharibi chini ya Obafemi Awolowo ilianzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 1955, na kufikia 1959 ilikuwa na kituo chake cha televisheni mjini Ibadan. Siipambi enzi hiyo. Bodi za mazao zilimlipa mkulima chini ya bei ya soko la dunia na kubaki na tofauti, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakulima wa huko waliasi kwa sababu ya kodi, katika vuguvugu la Agbekoya. Hata hivyo serikali ilijua kwamba shamba likinyauka hazina nayo itakauka, na mkulima alijua mlango wa kubisha.

Mafuta ya petroli na utawala wa kijeshi viliukata uzi huo. Mikoa ilivunjwa mwaka 1967 kuwa majimbo 12, ambayo yamekuwa 36 tangu 1996, na fungu la eneo lenye madini, mafuta yakiwemo, ambalo wakati wa uhuru lilikuwa nusu ya mrabaha, yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali, likapunguzwa mno kabla Katiba ya 1999 haijaliweka kuwa angalau asilimia 13. Sasa majimbo hungoja mgao wa kila mwezi kutoka serikali kuu mjini Abuja, na gavana anayelipia mishahara kwa mgao huo hana sababu kubwa ya kuhangaikia kiwanda kilichofungwa jimboni mwake. Lagos, yenye bandari na historia ya kuwa mji mkuu, hukusanya yenyewe fedha nyingi kuliko mgao wake, hasa kodi ya mapato ya wafanyakazi, ambayo kisheria hukusanywa na jimbo wanakoishi. Kwa hiyo kila ajira mpya hujaza hazina yake.

Juzi sokoni kwetu mama mmoja muuza viazi alinionyesha stakabadhi alizozifunga kwa mpira: ushuru wa gunia, ushuru wa meza, ushuru wa mkokoteni. Choo cha soko hilo kimefungwa kwa kufuli. Katiba yetu ya 2010 inazihakikishia kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini kodi zilizotajwa humo kuwa zao ni ya ardhi na majengo na ile ya burudani, pamoja na ada za huduma, basi kaunti ikipungukiwa hulikimbilia gunia. Mimi ningeanza kwa kuziachia kaunti sehemu ndogo ya kodi ya mapato inayolipwa na wakazi wake, ili mama huyu akiweza kumwajiri hata kijana mmoja, kaunti ipate faida kwa kukua kwake badala ya kumkaba getini.