Roshani Isiyochunguliwa: Namna Nilivyomchagulia Mama Chumba Melini

Nilipoanza kumtafutia mama chumba cha meli, sharti langu la kwanza lilikuwa roshani. La pili, roshani isiyochunguliwa. Bei ilikuja baada ya hayo mawili, na ndugu zangu walishangaa, maana safari yenyewe ni ya hapa hapa Ghuba: unapanda Dubai, unapita mlango wa bahari wa Hormuz, unashuka Maskati, unarudi. "Roshani ya nini, dada, na kutwa mtakuwa bandarini?" kaka yangu aliniuliza kwa simu kutoka Unguja.

Namjibu hapa, pamoja na wengine walioniuliza hilo hilo. Ushauri kuhusu vyumba vya meli umejaa mtandaoni, lakini karibu wote umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoshinda kando ya bwawa la kuogelea. Mama yangu ni bibi wa Kizanzibari wa miaka sabini na kitu. Anavaa buibui, sala tano hazimpiti, magoti yanamsumbua, na bahari anaipenda kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Sasa mfikirie mtu huyo ndani ya meli kubwa ya utalii. Upepo wote mzuri uko sitaha ya juu, na huko ndiko kuliko bwawa, muziki na watu waliovaa vya kuogelea. Chumba cha ndani hakina hata dirisha. Chumba chenye dirisha kinakupa mwanga na mandhari, lakini kioo chake hakifunguki. Kwa hiyo mwanamke anayejisitiri, bila ya roshani, kila akitaka hewa ya bahari lazima avae kamili, apande lifti, akae katikati ya watu. Akiwa na roshani yake anatoka na kanga mbili na kikombe cha chai, kichwa wazi, upepo unampiga shingoni. Mimi nililipia hilo, na ningelilipia tena.

Ila roshani nyingi hazina faragha unayoidhania, na hapa nataka mnisikilize vizuri, khasa kina dada.

Itazame meli ubavuni, kutoka nje. Utaona roshani hazikupangana wima moja kwa moja. Zipo sitaha ambazo roshani zake zimetokeza kuliko zile za juu yake. Wenye vyumba hivyo wanapata nafasi kubwa na jua tele, na mabrosha huvisifu sana. Lakini kila aliye juu akiegemea ukingo anawaona mpaka sukari iliyobaki kwenye vikombe vyao. Ramani ya sitaha inayotolewa na kampuni haikwambii jambo hili kwa uwazi, kwa sababu inaonyesha meli kwa juu, sitaha moja moja. Dawa yake ni picha ya meli iliyopigwa kutoka baharini au gatini. Nilikaa na picha ya namna hiyo kwenye kompyuta, nikaikuza, nikahesabu sitaha kuanzia mstari wa mashua za uokoaji kwenda juu, mpaka nikaipata safu ambayo kila roshani imefunikwa sawasawa na sakafu ya roshani iliyo juu yake. Ukiona kivuli kimefika hadi kwenye ukingo, hapo pana stara.

Cha pili ni ukingo wenyewe. Wa kioo unakuruhusu kuiona bahari ukiwa umekaa, na kwa mtu mwenye magoti mabovu hilo ni kubwa, hawezi kusimama kila saa ili atazame wimbi. Lakini kioo hakichagui: wewe unaona nje, na aliye gatini anakuona wewe. Ukingo wa chuma unakuficha, ila unakuficha na bahari pia. Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, ina roshani za sitaha za chini zilizokatwa ndani ya ubavu wa chuma. Hazipigwi na upepo mkali, lakini ukikaa kitako unachokiona zaidi ni mbingu. Kwa mama nilichagua kioo na nikapanda juu kidogo, mbali na gati, kwa sababu mtu aliyesimama chini akitazama sitaha za juu huishia kuona matumbo ya roshani tu. Na tafadhali, msitundike kanga kwenye ukingo ili kujikinga. Meli nyingi zinakataza, na wana haki: upepo ukiichukua inaweza kutua roshani ya mtu mwingine au ikaishia baharini.

Cha tatu ni roshani zinazotazama ndani. Ndiyo, zipo. Oasis of the Seas ilipotoka mwaka 2009 ilikuja na vyumba ambavyo roshani zake zinatazama bustani iliyo katikati ya meli. MSC World Europa, meli ya urefu wa mita 333 iliyozinduliwa Doha mwaka 2022, nayo ina roshani zinazotazama barabara ya maduka na migahawa iliyo wazi kwa juu, upande wa tezi, yaani nyuma ya meli. Zinapendeza kwa anayependa pilikapilika. Lakini neno "roshani" kwenye orodha ya bei ni lile lile, na mtu akilipa bila ya kusoma maelezo anajikuta anatazamana na jirani wa ng'ambo. Zipo pia zile za Celebrity Edge ya mwaka 2018, ambapo roshani imeingizwa chumbani na kioo cha juu kinashuka kwa kubonyeza kitufe. Chumba kinaongezeka ukubwa, lakini mama anataka kutoka nje hasa, avuke kizingiti, aache mlango nyuma yake.

Nimetaja kizingiti, na nacho kina habari yake. Mlango wa roshani ya meli ni mzito na chini yake kuna ukingo wa kuzuia maji usiingie ndani. Kijana hauoni. Mwenye magoti anauona kila anapotoka na kila anapoingia. Anayetumia kiti cha magurudumu aombe chumba kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, na aulize mahsusi kama roshani yake ina mteremko, asitosheke na kuambiwa kwamba bafu linafaa. Kwa mama ilitosha kumshika mkono siku ya kwanza. Baadaye alijua mwenyewe pa kushika: fremu ya mlango kwa mkono wa kulia, mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto.

Mahali pa chumba ndani ya meli ni jambo ambalo wengi wanalijua, nitalipitia haraka. Meli ikipanda na kushuka kwenye wimbi inakwenda kama ubao wa pembea: walioko ncha ndio wanaorushwa, wa katikati hawasikii sana. Omo, yaani mbele, na tezi waachie wenye matumbo imara. Tezi ina uzuri wake, roshani za nyuma zinatazama njia nyeupe inayoachwa na rafadha na watu huzigombania, lakini huko mtetemo husikika zaidi na lifti zinaweza kuwa mbali. Juu sana meli inayumba zaidi kuliko chini. Halafu tazama kilicho juu na chini ya chumba chako. Ukilala chini ya sitaha ya bwawa utaamshwa na viti vinavyoburutwa asubuhi. Ukilala juu ya ukumbi wa muziki, usiku si wako. Chumba kizuri kina vyumba vya watu juu yake na vyumba vya watu chini yake. Mashua za uokoaji zikining'inia mbele ya roshani, bei hushuka na mandhari hupotea, na kampuni makini hulisema hilo kwenye maelezo ya chumba. Mimi nilitaka pia lifti iwe karibu, lakini si mlango kwa mlango, maana watu husimama hapo na kuongea mpaka usiku.

Sasa upande. Kwenye safari ya kuzunguka bahari wazi upande haujalishi sana. Hapa kwetu unajalisha. Meli ikitoka Dubai kwenda Maskati inapanda kaskazini mashariki, inapinda Hormuz, halafu inashuka kusini mashariki ikiiacha Omani mkono wa kulia. Kwa hiyo kwenda, roshani ya kulia ndiyo inayotazama nchi kavu. Kurudi, ni ya kushoto. Nilichagua kulia kwa sababu nilitaka mama aione Omani kabla hajaikanyaga, si wakati wa kuiaga. Nambari za vyumba husaidia hapa: kampuni nyingi huweka nambari shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili, lakini hazifuati mtindo mmoja, kwa hiyo thibitisha kwenye ramani ya meli yako. Bandarini hakuna dhamana yoyote. Ubavu gani utalala gatini ni uamuzi wa nahodha na rubani wa bandari, siku hiyo hiyo.

Tulipita Hormuz alfajiri. Mama alikuwa ameshaswali, akatoka na kanga ya pili mabegani, maana upepo wa Januari huku una baridi, na mwendo wa meli peke yake unaongeza upepo mwingine. Milima ya Musandam, rasi ya kaskazini ya Omani, ilikuwa kulia, mawe matupu, bila ya mti, yameshuka hadi majini. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza majahazi yalikuwa yanapita hapa hapa? Nikamwambia ya Basra na Kuwait yalipita hapa. Ya Suri na Matrah, bandari za Omani, yalikuwa tayari nje ya mlango. Meli za utalii za Ghuba husafiri kuanzia Novemba hadi Machi hivi, majira yale yale ambayo majahazi yalingoja kaskazi ili yashuke Unguja na tende, na kusi ikiingia yarudi na boriti. Babu mzaa mama aliwapokea wengi wa mabaharia wao pale Malindi ya Unguja, na mama alikua akisikia majina ya bandari hizi bila ya kuziona.

Mchana huo pwani ya Batina hatukuiona, ni tambarare mno na meli ilikuwa mbali. Lakini milima ya Hajar ilijitokeza nyuma yake, buluu juu ya buluu, na jua la alasiri likaingia moja kwa moja kwenye roshani yetu. Sala ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Makka iko magharibi ya Omani, na kwa vile tulikuwa tunashuka kusini mashariki, qibla kilikuwa upande wa roshani, kikielekea kidogo tezi. Msala ulitosha kati ya kitanda na mlango wa kioo. Tahadhari moja: dira ya simu ndani ya meli ya chuma haiaminiki. Tulitumia jua, na runinga ya chumbani, ambayo ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli inakoelekea. Meli ikigeuka, unageuka nayo.

Asubuhi iliyofuata tuliingia Matrah, ngome juu ya jabali, na kule Riyam kile chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya kilima. Mama mdogo anaishi Maskati na walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi. Alipiga simu tukiwa bado tunafunga kamba: "Dada, nimefika bandarini, niambie uko wapi!" Mama akamwelekeza kwa simu, "Hesabu kutoka juu, mwanangu," akipunga kanga kwa mkono wote. Huwa anamwita mwanangu, ndiye aliyemlea.

Kuhusu pesa. Tofauti ya bei kati ya chumba cha ndani na cha roshani iko kwenye nauli. Kodi za bandari ni zile zile, na bahashishi ya kila siku kwa kawaida haibadiliki mpaka ufike vyumba vya kifahari. Piga hesabu ya tofauti hiyo kwa siku moja, halafu jiulize mtu wako atakaa nje saa ngapi. Kijana anayeshuka kila bandari na kurudi kulala, achukue cha ndani, pesa azitumie nchi kavu. Lakini usimchukulie mzee ile tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayokupangia chumba baadaye. Utaahidiwa roshani, hutaahidiwa ipi, na yote niliyoyaandika hapa juu yatakuwa nje ya uwezo wako.

Mwakani tunataka kumchukua na mama mdogo, vyumba viwili ubavu kwa ubavu. Kwenye meli nyingi kizuizi kati ya roshani mbili jirani hufunguliwa na mhudumu wa chumba ukimwomba, na mnapata baraza moja ndefu. Lakini baadhi ya vizuizi ni vya kudumu, vya chuma kitupu, na ramani haionyeshi. Kwa hiyo kabla ya kulipa nitapiga simu, nitaje nambari zote mbili, na niulize kama kile cha katikati yake kinafunguka.