Chai ya Mzee

Juzi paka wetu kagongwa na bodaboda hapo kona ya Nkuhungu, na mnaomjua kitinda mimba wangu mnajua nyumba ilivyokuwa. Hakutaka kula. Jioni akachukua simu yangu, akaiambia ile programu ya kuzungumza nayo kwamba Pusi amekufa. Ikamjibu: "Pole sana. Najua ulimpenda." Akaja nayo jikoni, akanisomea, halafu akauliza, "Mama, imesikitika kweli?"

Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia asubiri niepue. Nilipoepua alikuwa ameshalala kwenye kochi na simu kifuani, na mimi pua imejaa harufu ya rangi ya fedha, ile iliyobaki baada ya kupakwa geti la shule.

Ilikuwa mwaka 2009, niko kidato cha tatu, tunawaandalia kidato cha nne mahafali yao. Klabu ya maigizo ilitunga mchezo wa Dodoma ya mwaka 2080, tukautia kila tulichokitamani: treni ya umeme ya kwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni, serikali yote imehamia, zabibu zinachumwa na mashine. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, wazazi wetu wameusikia tangu ujana wao, kwa hiyo ukumbi ulicheka sana, hasa ile treni. Leo treni ipo, tangu 2024, na wizara ziko Mtumba. Kilichobaki ni yule roboti.

Roboti nilikuwa mimi. Mwili ulikuwa boksi la friji, kichwa ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu mawili ya macho, mikononi glavu za bustani, vyote vimepakwa ile rangi ya fedha. Ndani ya ndoo pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni. Mwezi wa kumi, Dodoma, mvua bado, ukumbi wa bati: joto lake mnalijua.

Katika mchezo, familia moja ya Chamwino imenunua roboti wa kazi za nyumbani. Kila alfajiri anampelekea mzee wa nyumba chai ya tangawizi. Mzee anafariki. Waombolezaji wanajaa, roboti anaagizwa agawe chai, naye anagawa vizuri mpaka kikombe kimoja kinambakia mkononi. Anauliza, "Mzee hajanywa chai yake. Nimpelekee wapi?" Hakuna anayemjibu. Basi anakaa ukingoni mwa mkeka na kikombe chake, na hapo, alivyotueleza mwalimu, ndipo mashine inapoonja huzuni kwa mara ya kwanza. Waombolezaji wanapeana pole wao kwa wao na kumpita. Mwalimu alilisisitiza hilo katika kila zoezi: asitokee mtu akampa roboti pole, maana mchezo wote umebebwa na pale.

Kulikuwa na jambo ambalo klabu haikulijua. Babu yangu wa Mpwapwa alifariki mwaka uliotangulia nikiwa katikati ya mitihani, na nyumbani wakaamua nisiambiwe mpaka nimalize. Nilipofika likizo, matanga yalishaanuliwa, watu wamerudi makwao, kaburi limeota nyasi. Bibi alinipokea akauliza habari za shule. Pole zote zilikuwa zimeshatolewa, kwa watu wengine.

Basi siku ya mahafali nikasema maneno yangu, nikakaa. Kwenye matundu ya ndoo nilikuwa naona ukingo wa mkeka, kikombe, na kipande cha ngazi ya jukwaa. Nikasikia waombolezaji wetu wanapita wakipeana mikono, "Pole dada," "Pole kaka," kama tulivyofanya mazoezi. Halafu kwenye ngazi nikaona mguu ambao haukuwa wa mchezo. Mguu mkavu wenye vumbi jekundu, kandambili ya buluu iliyoshonwa kwa uzi wa gunia, na juu yake pindo la kaniki. Mguu ukasimama mbele ya mkeka. Ukavua kandambili. Na mwingine ukavua. Zikapangwa pembeni, pamoja, kama mtu anavyofanya anapoingia msibani kweli.

Akakaa karibu yangu mpaka boksi likabonyea upande wake. Alikuwa bibi aliyeletwa na mmoja wa wahitimu. Akasema kitu kwa Kigogo, polepole, sikukishika. Kisha akanitoa kikombe mkononi, akaweka kiganja chake juu ya ile glavu, akasema kwa Kiswahili, "Pole mjukuu wangu. Umekaa na chai mpaka imepoa."

Ukumbi ulikuwa umeanza kucheka. Ukaacha. Nilimwona mwalimu kwa pembeni, nusu ya mwili wake, mkono mmoja juu, hajui auteremshe au aupunge. Waombolezaji wetu wakabaki wamesimama kwa kuwa hawakuwa na maneno ya pale. Mimi nililia. Ndani ya ndoo huwezi kujifuta. Machozi na jasho vilishuka pamoja mpaka shingoni, na sikuweza kuzuia mabega, kwa hiyo boksi zima likawa linatikisika mbele ya watu. Mama mmoja akasogea, akaweka noti ya mia tano kwenye mkeka mbele yangu, akarudi kukaa. Bibi hakunyanyuka wala hakuongeza neno. Alikaa tu na mkono wake pale pale, kwa muda ambao hata leo siwezi kuukadiria.

Mengine yalikwenda haraka: pazia, vyeti, pilau. Nikiwa nimevua ndoo, nilimkuta mvulana mmoja wa kidato cha nne anamuuliza yule bibi kama alidhani ni roboti wa kweli. Bibi akamtazama. "Aliyekaa msibani anapewa pole," akasema. "Hayo mengine mtajua ninyi mnaosoma."

Nimesoma, na sijajua. Nilipokuwa chuoni nasomea kompyuta tulifundishwa habari za Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, ambaye mwaka 1966 alichapisha habari za programu yake, ELIZA. Ilikuwa inayachukua maneno yako na kukurudishia kama swali: ukisema una huzuni, inakuuliza huzuni hiyo ni ya tangu lini. Katibu wake alimwona akiitengeneza kwa miezi, akijua fika humo hamna mtu. Siku alipoijaribu, baada ya maneno machache tu alimwomba Weizenbaum atoke chumbani awaachie nafasi. Darasa lilimcheka yule mama. Mimi niliziona kandambili.

Hizi za leo zina uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu zimefunzwa kwa maandishi ya watu, mengi mno, na kutokana na hayo zinakisia neno linalofuata. Kwa hiyo ile "pole sana" aliyopewa mwanangu iliandikwa kwanza na watu waliokuwa wanamaanisha, kwa ndugu zao na marafiki zao. Nikifikiri hivyo nafarijika, halafu papo hapo naona kama wameibiwa. Jukwaani, ndani ya ndoo, alikuwepo mtoto aliyefiwa, na ndani ya simu hayupo. Hiyo ni tofauti kubwa, naiamini. Lakini bibi hakujua habari za Mpwapwa. Alichokiona yeye ni chai inayopoa.

Muhula uliofuata tulitembelewa na wageni, tukaombwa turudie mchezo. Mwalimu alikuwa ameuandika upya na kumtia bibi ndani. Msichana wa kidato cha pili akafungwa kaniki, akapanda ngazi, akavua kandambili, akazipanga pembeni, akaweka mkono juu ya glavu na kusema maneno yale yale bila kukosea hata moja. Mimi mle ndani sikusikia kitu chochote. Nilikuwa nahesabu hatua mpaka zamu yangu ifike. Kwenye mstari wa mbele mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, na mchezo ulipokwisha alipanda jukwaani kumtafuta yule msichana amshukuru.