Wezi Wangu Mia Moja na Mmoja

Picha ya kwanza niliyonunua ilikuwa feki, na niliilipia euro 40. Niliikuta kwenye kibanda cha vitabu kando ya mto Seine, Paris, imevikwa nailoni, karatasi ina rangi ya chai ya rangi. Ndani ya picha jamaa kibonge, shingo imezungushiwa kitambaa hadi kidevuni, kofia imebonyea, anamshawishi mwenzake mwembamba juu ya jambo ambalo ukimtazama tu usoni unajua halina heri. Nilikuwa natoka zamu ya usiku hotelini, usingizi umenijaa, lakini nilicheka peke yangu barabarani. Yule mtu alikuwa Ndumilakuwili mtupu! Ndumilakuwili wa gazeti la katuni la Sani, tuliyekuwa tukimsoma Tanga kwa kupokezana mpaka gazeti linabaki vipande.

Aliyenitoa tongotongo ni jirani yangu, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha uchapaji. Hakusema kitu. Alinipa kioo kidogo cha kukuza mara kumi akaniambia nitazame kivuli cha koti. Nikaona vitone vimejipanga mistari mistari, kama vijiti vya mhogo shambani.

"Umeona nini?"

"Vitone, mzee."

"Basi hiyo imechapwa juzi, mwanangu."

Kisha akaleta yake, kipande cha gazeti la karne ya 19, akanitazamisha pale pale penye kivuli. Hapakuwa na vitone vya kupangwa. Palikuwa na chembechembe ovyo ovyo, nyingine nene nyingine hafifu, kama mkaa uliopitishwa kwenye ukuta wenye chokaa. Hiyo ndiyo litografia, chapa ya jiwe. Mchoraji anachora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, picha ikiwa kinyume kama kwenye kioo. Jiwe linaloweshwa maji, kisha wino wa mafuta unapitishwa juu yake: penye maji wino haushiki, penye chaki unashika. Mambo hayo yalianzishwa na Mjerumani Alois Senefelder miaka ya mwisho ya 1790, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa kazi zake. Nilipoelewa hivyo nikamkumbuka babu na vitabu vyake vya chuoni vilivyotoka Bombay, herufi zake zikiwa na mawimbi ya mkono wa mwandishi. Navyo vilikuwa vya jiwe. Kumbe nimekua na litografia nyumbani bila kujua jina lake.

Ile feki sijaitupa. Imo jikoni, inanisaidia kukumbuka bei ya ujinga.

Kibonge yule anaitwa Robert Macaire, na mwembamba ni Bertrand. Mchoraji ni Honoré Daumier, mzaliwa wa Marseille mwaka 1808, aliyeacha litografia zinazokaribia 4,000. Hakuanza na wezi wadogo. Alianza na mfalme. Desemba 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu limekaa kwenye kiti, mdomo wazi, ubao umeegemezwa kidevuni, watu wanapanda nao kupeleka makapu ya fedha za maskini. Akafungwa miezi sita. Bosi wake, Charles Philipon, mwenye magazeti ya La Caricature na Le Charivari, alikuwa ameshapelekwa mahakamani mwaka huo huo, na pale mbele ya mahakimu akachora uso wa mfalme hatua kwa hatua ukigeuka kuwa tunda la pea. Swali lake lilikuwa: mtanifunga kwa sababu pea linafanana na mfalme? Walimfunga. Lakini mapea yakajaa kwenye kuta za Paris.

Septemba 1835, baada ya jaribio la kumuua mfalme, ikatungwa sheria kwamba hakuna picha itakayochapishwa bila kibali. Mfalme hachoreki tena. Ndipo Philipon na Daumier wakamwazima Macaire, tapeli wa jukwaani aliyefanywa maarufu na mwigizaji Frédérick Lemaître, wakamvalisha kila kazi ya mjini: leo wakili, kesho daktari, keshokutwa mwenye benki. Picha 100 katika Le Charivari, kuanzia Agosti 1836 hadi mwishoni mwa 1838. Philipon akitunga maneno, Daumier akichora.

Katika mojawapo Macaire anamwambia Bertrand kwamba anaipenda sana biashara, na akitaka wataanzisha benki, benki ya kweli kabisa: mtaji mamilioni ya mamilioni, hisa mabilioni ya mabilioni. Bertrand anauliza, na askari je? Macaire anamjibu: mjinga wewe, milionea anakamatwa? Nilipoitafsiri hiyo kwa dada yangu kwenye simu alinyamaza kidogo, maana alishawahi "kupanda mbegu" kwenye mchezo mmoja wa kuvuna mara mbili, na hadi leo hajavuna. Mwanahisa anayeliwa na Macaire ana jina pia, Bwana Gogo, na Wafaransa mpaka sasa wanamwita gogo mtu anayetapeliwa kirahisi. Kwa Kiswahili nalo limekaa vizuri: gogo, kila apitaye hulikalia.

Basi nikaanza kuzitafuta za kweli. Siyo kazi ya matajiri kama watu wanavyodhani, ukijua pa kutazama, na pa kutazama ni mgongoni. Le Charivari lilikuwa gazeti la kila siku la kurasa nne, na picha ilikaa ukurasa wa tatu. Ukiigeuza unakuta maandishi na matangazo ya ukurasa wa nne. Wakusanyaji wenye pesa hawazipendi hizo kwa sababu maandishi huwa yanaonekana kwa mbele. Wanataka zile zilizochapwa kando kwenye karatasi nzuri, nyuma tupu. Waacheni nazo. Mimi nimenunua za gazeti kwa euro 15, 20, 25, na yale matangazo ya nyuma ndiyo cheti changu: mtu akiniuzia yenye nyuma tupu namuuliza maswali, akiniuzia yenye gazeti nyuma natoa kioo, natazama chembe, nalipa. Nyumbani naihakiki kwenye orodha ya Loys Delteil, aliyezipa litografia zote za Daumier namba. Siku hizi ipo pia Daumier Register kwenye intaneti, bure, na picha zake.

Kosa langu la pili lilikuwa la maji. Nilipata moja iliyopakwa rangi kwa mkono, koti jekundu zuri, ila kona ilikuwa na doa la ukungu. Nikachovya pamba kwenye maji nikafuta taratibu, kama unavyofuta uso wa mtoto. Doa halikutoka. Wekundu ulitoka. Uliondoka wote kwenye mkono wa koti ukaingia kwenye pamba, nikabaki nimeshika pamba kama mtu aliyekatwa. Tangu siku hiyo madoa nayaacha, yale ya rangi ya kutu yaliyotapakaa kwenye karatasi za zamani nayo nayaacha. Gundi ya selotepu haiingii chumbani kwangu. Picha zinalala kwenye majalada ya karatasi isiyo na asidi, kabatini, mbali na dirisha. Yatosha.

Kitabu kilichokusanya picha hizo za Macaire nilikipata Jumapili moja ya mvua, soko la vitabu vya kale la mtaa wa Brancion, chini ya mabanda yaliyokuwa ya farasi zama za machinjio ya Vaugirard. Linakuwepo kila Jumamosi na Jumapili, na mimi naenda na mvua makusudi, wanunuzi ni wachache na wauzaji wana subira. Juzuu mbili, ngozi ya mgongoni imepasuka, Les Cent et un Robert-Macaire, yaani Robert Macaire mia moja na mmoja, Paris, mchapishaji Aubert, 1839. Mikono ikaanza kunitetemeka nikaiingiza mfukoni.

Muuzaji akataka euro 180. Nikamwomba nihesabu kwanza. Akaniambia hesabu bwana, akaenda zake kunywa kahawa. Kitabu cha picha usikinunue bila kuhesabu, maana kuna watu wanavivunja, wanauza picha mojamoja kwenye fremu kwa sababu faida iko huko. Nilihesabu nimesimama, matone yanagonga bati. Nikafika 98. Nikarudia. 98. Penye zile tatu palibaki vishina vyembamba kwenye mshono, vimekatwa kwa wembe, vimenyooka sawasawa. Nilipomwonyesha muuzaji alivaa miwani, akavuta pumzi, akasema 110. Nikatoa.

Jirani alikifungua, akaweka kioo chake, akakaa kimya muda. Kisha akanionyesha ukurasa wa jina, mstari ambao mimi niliuruka kwa furaha: picha zimepunguzwa ukubwa na kuchorwa upya kwenye jiwe na watu wengine. Siyo mkono wa Daumier. Nilizilinganisha na zangu za gazeti na ni kweli, Macaire amebaki yuleyule lakini Bertrand ameharibika. Kwenye gazeti Bertrand ana hofu iliyoingia hadi magotini, kwenye kitabu amesimama kama amenyooshwa na pasi. Hata hivyo sijajuta. Kitabu kina hadithi za Maurice Alhoy na Louis Huart zinazofuatana na kila picha, na Kifaransa changu kimenenepa humo kuliko darasani.

Jioni hiyo nilimpigia shangazi.

"Shikamoo shangazi. Nimenunua kitabu."

"Marahaba. Cha dini?"

"Cha wezi, shangazi. Mia moja na mmoja."

"Ewe mwanangu, hapa umewakosa?"

Hadithi za zile picha tatu zilizokatwa zimebaki kitabuni, nazo ndizo zilizoniambia nani hayupo: wakili, mwandishi wa habari na daktari. Daktari nilimpata miezi minane baadaye, mtaa uleule wa Brancion, kwa euro 20, wa gazeti, mkono wa Daumier mwenyewe, matangazo mgongoni. Anamwambia mgonjwa aje mara kwa mara, hatafilisika, maana kumwona daktari ni bure. Halafu anamdai faranga 20 za chupa mbili za dawa. Ni mkubwa kuliko kitabu, haingii. Nimeacha kikaratasi kwenye pengo lake nimeandika kwa penseli: "Daktari yupo kabatini." Wale wawili bado wanatafutwa.