Ananisaidia tu

Leo Jumapili, hoteli tumefunga mapema, nimeoga, nimekula, nimekaa na blanketi miguuni na bado neno moja la Jumanne limenikaa kooni kama mwiba wa perege. Wiki hii yamepita mengi, kodi ya pango inapanda kuanzia mwezi wa nane kama nilivyowaambia itapanda, dada Sikujua kaaga anaenda kuolewa Njombe na sijui nani atanisukumia chapati, friji ndo hivyo tena. Lakini mi niko na Jumanne tu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ule muda watu wa supu wameshaondoka na wa wali hawajafika. Baridi ya Iringa mwezi wa saba mnaijua, mteja anashika kikombe kwa mikono miwili hata kunywa hanywi. Akaingia babu mmoja Mhindi, kofia ya sufu mpaka masikioni, na wajukuu wawili wanaongea Kiingereza cha puani. Nikajua hawa wametoka Boma, maana wageni wakishamaliza makumbusho huwa wanapanda mjini kutafuta chai. Babu hakukaa. Akasimama mlangoni, akaangalia dari, akaangalia lile dirisha la mbao lisilofungika, af akasema, "Kamwene," salamu ya Kihehe kabisa.

Mzee wangu karuka kwenye kiti chake kama katekenywa.

Kwa kifupi, yule babu alizaliwa kwenye kile chumba cha nyuma tunachowekea viazi na mkaa. Nyumba alijenga babu yake, mbele duka la vitambaa, nyuma wanaishi, mpaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, yale ya thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, wakaondoka wakaishia Kanada. Akaenda kugusa ukuta. Wajukuu wakapiga picha magunia yetu ya viazi, mmoja akauliza kama nyumba ni ya zamani kama Boma, Mzee akajibu "karibu" bila aibu, wakati Boma ni hospitali ya Wajerumani ya 1900 na hii yetu sidhani hata kama Mjerumani aliiona. Dada Sikujua akalia. Mtaa mzima unaongelea hilo, mpaka mama wa genge kaniambia nimebahatika kushuhudia, naitikia ndiyo ndiyo, kumbe nilichoshuhudia mimi ni kingine.

Maana babu alipokaa na chai yake ya maziwa, aliniangalia nikiwa kaunta na daftari langu, akamuuliza Mzee, "Na huyu ndo mwenye hoteli sasa?"

Mzee, hata kikombe hajaweka chini: "Hapana, huyu binti yangu. Ananisaidia tu."

Tu.

Angesema ananisaidia akaacha hapo ningelala. Tangu 2018 presha ilipomwangusha pale pale jikoni, mi ndo naamka saa kumi usiku, mi ndo nililipa deni la mchele alilosahau kunitajia, mi ndo nilitoa yale mabenchi yaliyokuwa yanachana sketi za watu, na jioni nampelekea hela kwenye bahasha anaihesabu mara mbili. Nimelisema lile neno peke yangu chooni kwa sauti zote, ya upole, ya ukali, ya mtu anayejisifia mtoto. Labda aliona aibu mbele ya wenye nyumba wa zamani, asionekane kazeeka. Labda alimaanisha mwenzio nina bahati, nina binti. Nikampigia shangazi, akasema kwani ulitaka ajibu nini, kwamba yeye kafa? Shangazi naye.

Jumatano na Alhamisi shikamoo nilimpa ya kudondosha, sijui hata kama aliisikia kwa lile redio lake.

Ijumaa sasa. Bwana afya kaingia na faili kwapani, kaangalia sinki, kaangalia dari (dari jamani, kuna pembe moja hata mi siiangaliagi), akauliza kwa ile sauti yao, "Mwenye hoteli yuko wapi?"

Na mimi, niliyekaa siku tatu nalilia umiliki, nikajibu kabla hajafunga mdomo, "Mwenyewe yule pale, mi namsaidia tu."

Nikajisikia. Na tu nimeitia mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Na sio mara ya kwanza, watu wa leseni nawaambia hivyo hivyo, muuza mkaa anayedai nae hivyo hivyo, miaka yote hii mwenyewe hayupo, mwenyewe kalala, mwenyewe njoo kesho.

Bwana afya akamwendea Mzee. Mzee akafungua jicho moja, akaliona faili. "Mimi? Mimi mgonjwa, nimestaafu zamani. Muulize huyo, ndo mwenye mali."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Bwana afya akatuangalia kama vichaa, akaandika karatasi ya onyo, siku kumi na nne pembe ile ipakwe chokaa, akaniwekea mbele yangu nisaini. Nimesaini. Mzee akageuza kiti upande wa barabarani, nikaona mabega yake yanatikisika na yeye, lakini hakugeuka. Ile karatasi jioni nikaitia kwenye bahasha pamoja na hela. Kaihesabu hela mara mbili, karatasi kanirudishia.

Sasa naandika hapa nimekumbuka sweta la shule la Junior liko kambani tangu jana, nimetoka kulishika, mikono bado imeloa kabisa na kesho Jumatatu wanasimama mstarini saa moja kasoro. Pasi ipo, luku imebaki yuniti mbili.